Kufunga Mkono Mpya wa Gurudumu

Ipogolo ipo chini ya mji wa Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Gari linaloteremka kutoka mjini hufunga breki mara nyingi. Dereva akikanyaga breki, gurudumu la mbele husukumwa nyuma. Linashikwa na mkono wa chuma uitwao kontroli amu. Upande mmoja mkono huu umefungwa kwenye gari kwa bushi za mpira. Upande wa pili umeshika gurudumu kwa boli jointi.

Bushi zikichakaa, gari hugonga kwenye mashimo na huvuta upande mmoja. Boli jointi ikichomoka, gurudumu hulala na gari haliongozeki.

Ukinunua mkono mpya, fuata hatua hizi:

1. Simamisha gari mahali tambarare. Zuia magurudumu ya nyuma. Inua kwa jeki, kisha weka stendi imara. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

2. Tazama springi. Ikiwa imekaa juu ya mkono, usifungue. Springi iliyobanwa huweza kuruka na kuua. Mwite fundi mwenye kifaa cha kuibana.

3. Toa mkono wa zamani, uulaze kando ya mpya. Pima urefu na matundu. Spea nyingine hufanana kwa macho tu.

4. Funga mkono mpya. Kaza nati ya boli jointi kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Kama ina pini, weka pini mpya.

5. Bolti za bushi zishike tu. Usizikaze bado.

6. Rudisha gurudumu. Shusha gari lisimame kwa magurudumu yote juu ya shimo la gereji. Sasa kaza bolti za bushi.

Kwa nini tusubiri? Mpira wa bushi umeshikamana na chuma, hujipinda tu. Ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia, gari likishuka mpira hubaki umepindika, kama nguo inayokamuliwa. Utapasuka mapema, na fedha yako itapotea.

Mwisho, pima mwelekeo wa magurudumu, yaani alaimenti. Usipopima, tairi zitalika upande.

Hata kama wewe si fundi, simama utazame. Muulize fundi: "Bolti za bushi umezikaza gari likiwa chini?"

Maswali

1. Bushi zina kazi gani?
2. Kwa nini jeki peke yake haitoshi?
3. Bolti za bushi hukazwa lini?