Sindano ya Mafua Kazini: Hiari au Lazima?

Kila baridi ikikaribia maswali ni yale yale. Wenzetu wanaosomea unesi hapa Marekani wanaambiwa hawaingii wodini kwa mazoezi bila cheti cha chanjo ya mafua. Ndugu zetu ambao boksi lao ni kutunza wazee wanapewa tarehe ya mwisho. Hapo mtu anauliza: mwili ni wangu, iweje mwajiri aniamulie? Mimi ni mtu wa injinia, si daktari, lakini nimelifuatilia suala hili, na naona wengi tunabishana bila kujua lilipoanzia.

Kwanza tuelewane. Hatuzungumzii mafua ya kupiga chafya siku mbili yakaisha. Hii ni influenza, ambayo kwa mzee inaweza kugeuka nimonia ikamuua. Mtu huanza kuambukiza kama siku moja kabla hajajisikia mgonjwa, kwa hiyo kusema "nikiumwa nitabaki nyumbani" hakutoshi. Isitoshe, mwili wa mzee hauitikii chanjo vizuri kama wa kijana. Ndiyo maana wanataka achanjwe yule anayemlisha na kumwogesha.

Na sindano yenyewe je? Haikupi mafua, maana virusi vilivyomo vimeuawa au ni vipande tu. Huchukua kama wiki mbili kufanya kazi, hivyo ukiugua siku ya tatu usiilaumu. Lakini si ngao ya chuma. Msimu ambao imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 40 hadi 60.

Sharti lilianzaje? Hospitali ya kwanza Marekani kuwalazimisha wafanyakazi wake wote ni Virginia Mason ya Seattle, mwaka 2005. Kabla ya hapo walibembeleza, wakafika asilimia 54. Msimu wa kwanza wa sharti wakafika 97.6. Chama cha manesi kikaenda kwa msuluhishi. Hakikuwa kinapinga chanjo, kilipinga wanachama wake kubadilishiwa masharti ya kazi bila mazungumzo. Kikashinda, na mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana na msuluhishi. Manesi wasiochanjwa wakatakiwa kuvaa barakoa badala yake.

Mwaka 2009 New York likawa jimbo la kwanza kuweka sharti kama hilo. Mwezi wa Oktoba jaji akalisimamisha kwa muda, na siku chache baadaye jimbo lenyewe likaliondoa kwa sababu chanjo zilikuwa hazitoshi. Mwaka 2013 likaja na njia ya katikati: chanja, au vaa barakoa wakati mafua yameenea.

Je, wazee wanapona kweli? Hapa ndipo penye ubishi. Utafiti uliofanywa Uskochi, katika hospitali 20 za wazee, ukachapishwa mwaka 2000, uliona kwamba palipotolewa chanjo kwa wafanyakazi walikufa asilimia 13.6 ya wagonjwa, na kwingine asilimia 22.4. Tofauti kubwa! Lakini wagonjwa walipopimwa virusi vya mafua vyenyewe, makundi mawili yalikaribiana. Kwetu sisi wa mitambo, mashine ikienda vizuri lakini kipimo cha chanzo hakijasogea, huwezi kusema umeshajua sababu. Wataalamu wa Cochrane waliopitia utafiti wa aina hii nao walisema ushahidi ni dhaifu. Kwa hiyo sababu ya kuchanja ina mantiki, ila ukubwa wa faida bado unabishaniwa.

Sasa haki zako. Mwenye mzio mkali au sababu nyingine ya kiafya huomba msamaha kwa barua ya daktari. Mwenye sababu ya dini analindwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayomtaka mwajiri amtafutie njia kama haimletei mzigo mkubwa. Mwaka 2016 hospitali ya Saint Vincent, huko Erie, Pennsylvania, ilikubali kulipa dola 300,000 baada ya kuwanyima wafanyakazi sita msamaha wa dini kwa chanjo hii. Kwa Waislamu: chanjo ya kupuliza puani, FluMist, ina jelatini ya nguruwe. Uliza mapema upewe ya sindano, na uliza kilichomo.

Rai yangu: hiari yashinda utumwa, na kama unawashika wazee kwa mikono yako, chanja kabla hujalazimishwa. Kama una sababu ya kukataa, iandike na uipeleke kabla ya tarehe ya mwisho. Usikae kimya ukitegemea watasahau. Ukikosa mazoezi ya wodini unachelewa kumaliza, na kwa mwenye viza ya mwanafunzi kuchelewa si jambo dogo.