Kabla ya simu janja, nyoosheni daftari



Mwaka jana nilisaidia kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kuhamishia kumbukumbu kwenye simu. Katibu akawa anaingiza lita za kila mwanachama asubuhi, na daftari tukaliweka kando. Mwezi wa tatu simu ikaibiwa mnadani. Kumbukumbu zote zilikuwa humo humo, hakuna nakala.

Siku ya malipo kila mtu akataja lita zake kwa kichwa. Tulipojumlisha, zikazidi zilizopokelewa kituoni! Wazee wakaanza kutupiana maneno, kikundi nusura kivunjike. Kosa lilikuwa langu, niliharakisha.

Siku hizi nafanya hivi:

1. Daftari kwanza: tarehe, jina, lita, sahihi. Daftari likiwa vurugu, simu itabeba vurugu hiyo hiyo.

2. Miezi miwili tumieni vyote viwili. Kila Jumamosi linganisheni jumla. Zikipishana, tafuteni kosa siku hiyo hiyo.

3. Tumieni Google Sheets kwa barua pepe ya kikundi, siyo ya katibu. Katibu anaandika, mwenyekiti na mweka hazina wanaona. Nywila ikae pia kwa mweka hazina, kwenye bahasha iliyofungwa.

4. Mwenye kitochi atumiwe lita zake kwa SMS. Asiachwe gizani.

5. Hela ya bando itoke kwenye mfuko wa kikundi.

Kile kikundi bado kipo. Daftari nalo lipo, mezani, pembeni ya simu.