Joto la Udongo na Mbegu ya Kiduha

Njaa ya nchi jirani inapotajwa, lawama hupewa ukame. Adui aliyefukiwa ardhini hutajwa kwa nadra. Magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda, kama ilivyo kwetu Kanda ya Ziwa, adui huyo ni kiduha, gugu linyonyalo mizizi ya mahindi na mtama.

Mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, nazo zaweza kukaa udongoni zikiwa hai kwa zaidi ya miaka 10. Hazioti ovyo. Kwanza hutaka unyevu na joto la kadiri ya nyuzi 30 za Selsiasi kwa wiki moja au mbili. Joto likishuka chini ya nyuzi 20 ni chache mno zitakazoota. Ndiyo maana gugu hili ni adimu katika nyanda za juu zenye baridi.

Joto hilo lina kazi gani? Vimeng'enya, yaani protini ziendeshazo shughuli za chembe hai, huwa vizito katika baridi. Vikipata joto mbegu hujiandaa, na protini zake za kupokea ishara hushika zamu kama mlinzi lindoni. Mlinzi huyo husubiri neno la siri, nalo ni strigolaktoni, kemikali itokayo katika mzizi wa mhindi. Wanasayansi walizitambua protini hizo mwaka 2015. Protini huikamata kemikali, huikata, kisha hubadilika umbo na kusababisha kuvunjwa kwa protini nyingine iliyokuwa ikizuia kuota. (Mbegu ya saladi ni kinyume: joto kali huiongezea homoni ya kuzuia, ikalala.)

Mlinzi huyo, hata hivyo, hudanganyika. Kiduha kilichoota pasipo mzizi wa kunyonya hufa baada ya siku chache. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, huko Mbita nchini Kenya, kilieneza kilimo cha desmodiamu kati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake huamsha mbegu za kiduha na papo hapo huzuia ukuaji wake. Hila hiyo haifai kitu katika udongo mkavu, kwa kuwa mbegu ambayo haijaandaliwa haisikii ishara yoyote.

Kwa kambi zenye mashamba, kiduha king'olewe kabla ya kutoa mbegu. Tena udongo ulioganda kwenye viatu, majembe na magurudumu uondolewe kabla ya kuvuka kwenda shamba jingine.