Pembezoni mwa Mji wa Kisii

Mosocho, kwenye barabara ya Kisumu, na Suneka, kwenye ile ya Migori, ni makao ya wengi wanaofanya kazi mjini Kisii. Kodi huko huwa nafuu kuliko katikati ya mji, na matatu hufika mjini upesi. Nyumba za kupangisha zimejengwa kando ya migomba, mahindi na chai, kwa kuwa ardhi ni haba: sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba katika kaunti ya Kisii. Usiku ni kimya kitamu. Mvua za alasiri, hata hivyo, hugeuza vichochoro kuwa matope, na bodaboda hupandisha nauli.