Mawe Yaliyochongwa na Watu wa Kale huko Olorgesailie

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Magadi, akisha kuteremka vilima vya Ngong na kwenda kiasi cha maili 40, hufika mahali pakavu penye udongo mweupe, chini ya mlima uitwao Olorgesailie. Zamani sana palikuwa na ziwa hapo. Katika miaka ya 1940, Louis Leakey na mkewe Mary walikuta mawe mengi yametapakaa, yenye umbo la tone la maji, mengine yakizidi kiganja cha mtu mzima. Mengi yangali pale pale, na wageni huyatazama kutoka juu ya daraja la mbao.

Mwenzangu mmoja alipoyaona alicheka, akasema kwamba mawe ya namna ile alikuwa akiyapiga mateke tangu utoto wake alipokuwa akichunga mbuzi. Huenda alisema kweli. Lakini swali lake lililofuata ni swali la haki: mtu ajuaje kwamba jiwe lilichongwa kwa mkono, wala halikuvunjwa na mto?

Atakaye kujua na atwae mawe mawili magumu ya volkano. Akiligonga moja katikati, atapata unga na maumivu ya vidole tu. Sharti atafute ukingo wenye pembe kali, apige karibu na ukingo huo, kwa mshazari. Hapo kitatoka kibanzi chembamba, chenye makali ya kukata ngozi. Mahali kilipopigwa pana uvimbe mdogo, na kutoka hapo huenea mistari kama mawimbi ya maji yaliyotupiwa kijiwe. Mto nao huweza kuvunja jiwe, lakini hauvunji kwa mpango. Jiwe lililotolewa vibanzi upande huu, likageuzwa, likatolewa upande wa pili, hata pande zote mbili zikalingana, lilishikwa na kiumbe aliyekwisha kuliona umbo lake moyoni kabla ya kulimaliza.

Ushahidi mwingine ulipatikana Lokalalei, magharibi ya Ziwa Turkana. Huko wataalamu waliokota vibanzi vya miaka milioni 2.3 iliyopita, wakavirudisha kwenye mawe vilikotoka, kama mtu aungavyo vigae vya chungu. Hivyo waliweza kufuata pigo baada ya pigo, jinsi fundi alivyoligeuza jiwe lake. Tena kuna mawe ya zamani zaidi, ya miaka milioni 3.3, yaliyovumbuliwa mwaka 2011 huko Lomekwi, katika nchi iyo hiyo ya Turkana.

Kazi za mawe hayo zilikuwa nyingi. Huko Olorgesailie ilifukuliwa mifupa ya ndovu aliyekufa yapata miaka milioni moja iliyopita. Vibanzi vimeizunguka, na juu ya mifupa yenyewe mna alama za kukata nyama. Vibanzi vingine, vya Koobi Fora, vilipotazamwa kwa darubini ya vitu vidogo, vilionekana vimelika kwa kukata nyama, miti na majani.

Mashoka hayo ya mkono yalitengenezwa kwa mamia ya maelfu ya miaka bila kubadilika sana, jambo ambalo mimi huona shida kulifikiri. Kisha, kabla ya miaka 300,000 iliyopita, watu wa Olorgesailie walianza kutengeneza ncha ndogo nyembamba. Baadhi yake ni za jiwe jeusi ling'aalo kama chupa, ambalo halipatikani hapo. Lilitolewa mahali palipo mbali maili 15 hadi 55. Ama walilifuata kwa miguu, ama walibadilishana mali na wengine.

Miaka hiyo haisomwi katika jiwe lenyewe. Hupimwa kwa majivu ya volkano yaliyo katika tabaka za udongo, juu yake na chini yake. Jiwe likichukuliwa nyumbani kuwa pambo la meza, hakuna awezaye tena kulitaja umri. Kwa hiyo aonaye jiwe la namna hiyo na aliache lilipo, apakumbuke mahali penyewe, akawape habari Makumbusho ya Taifa, kama ilivyoagizwa katika sheria ya mwaka 2006.