Mimba, kijiti na maneno ya kijiweni

Ukitoka Korogwe mjini hadi Handeni, maneno haya umeyasikia kijiweni, kisimani na hata kwenye benchi la kliniki ya wajawazito. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wamewahi kushika mimba. Basi tuyapime maneno hayo.

“Ameshapata mimba, uzazi wa mpango wa nini tena?” Si kweli. Akishajifungua, asiyenyonyesha anaweza kushika mimba nyingine hata kabla hedhi haijarudi. Yai laweza kupevuka wiki ya nne tu baada ya kujifungua. Kliniki ndipo pa kuchagua mapema, maana kijiti au kitanzi huweza kuwekwa kabla mzazi hajatoka wodini. Na kijana mwenye mimba yake aingie ndani naye, asibaki nje kulinda pikipiki.

“Kijiti kinakausha kizazi, tena kinatembea hadi moyoni.” Uongo. Hukaa chini ya ngozi ya mkono wa juu, na mkunga akipapasa anakigusa. Kikitolewa, uwezo wa kuzaa hurudi upesi. Sindano ya miezi mitatu ndiyo huukawiza, pengine karibu mwaka, na nadhani uvumi wa ugumba ulianzia hapo. Hedhi ikikata, hakuna damu iliyolundikana tumboni.

“Anayenyonyesha hashiki mimba.” Kweli, kwa masharti, na hapa bibi zetu wapewe haki yao. Mtoto awe chini ya miezi 6, anyonye tu usiku na mchana, na hedhi iwe haijarudi. Hapo wanaoshika mimba hawafiki 2 kati ya 100. Uji ukianza, tafuteni njia nyingine.

“Mkikutana kabla hajaacha ziwa, mtambemenda mtoto.” Nusu kweli. Tendo lenyewe haliharibu maziwa. Lakini wazee walikuwa wakilinda nafasi kati ya mtoto na mtoto, na Shirika la Afya Duniani nalo linashauri kusubiri angalau miaka 2 kabla ya mimba nyingine.

“Pigi kiunoni inatosha.” Uongo. Hirizi hiyo mwanamke aivae akipenda, ila aongeze kinga.

“Kumwaga nje ni salama.” Si kweli: kwa mwaka, wanawake wapatao 20 kati ya 100 wanaotegemea njia hiyo hushika mimba. Kondomu ni bora, tena huzuia VVU, kazi ambayo kijiti hakiiwezi.

“Bila ndoa hupewi.” Uongo. Mwongozo wa taifa unawaruhusu vijana, wawe wameoa au kuolewa au la, na katika vituo vya serikali huduma hii ni bure.