Wembe upi ununue? Hesabu ya ndevu, mfuko na ziwa

Ingia duka lolote la mtaani hapa Mwanza, iwe Kirumba, Igoma au Nyegezi, uombe wembe. Kuna ule wa kawaida: kibati chembamba kilichofungwa kwenye karatasi, chenye makali pande mbili, ambacho fundi cherehani anakatia nyuzi na mwanafunzi wa darasa la pili anachongea penseli. Kuna wa mpini wa plastiki, unanyolea mara tatu nne halafu unautupa wote, mpini na kichwa chake. Ukienda supamaketi utakuta wa tatu: mpini wa kifahari wenye vichwa vya kubadilisha, nyembe tatu au tano zimepangana, na kasha gumu ambalo kulifungua kwenyewe kunahitaji wembe mwingine.

Swali tunaloulizwa sana na wadau, hasa wanaoanza kuota ndevu za maana chuoni, ni hili: upi unanyoa vizuri, hauli hela, na hauachi rundo la takataka? Jibu letu kwa wengi ni wembe wa kawaida, ila ufungwe ndani ya mashine ya chuma, ile ya zamani ambayo babu zetu walikuwa nayo. Wenye vipele sugu vya ndevu tutawapa jibu jingine huko mbele. Sasa tueleze kwa nini.

Unywele laini unashindaje chuma?

Wembe hutengenezwa kwa chuma kigumu kisichoshika kutu kirahisi, chenye kromiamu kama asilimia 13 na kaboni kidogo. Makali yake ni membamba kupita kiasi. Ncha yake inapimwa kwa makumi ya nanomita, wakati unene wa udevu mmoja unakaribia mikromita 100. Yaani udevu ni mnene kuliko ncha ya wembe zaidi ya mara elfu moja. Na chuma hicho ni kigumu kuliko unywele kama mara 50. Basi kwa akili ya kawaida wembe haukupaswa kuisha makali kabisa kwa kukata ndevu. Lakini unaisha, na ndani ya wiki tu.

Mwaka 2020, watafiti wa MIT, Marekani, walichapisha jibu kwenye jarida la Science. Mmoja wao, Gianluca Roscioli, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu (mwenzetu kabisa!), alikuwa akinyoa ndevu zake mwenyewe kwa nyembe za kutupa kisha anazipeleka kwenye hadubini ya elektroni. Alitarajia kuona makali yaliyolika taratibu, kama kisu cha jikoni. Alichokuta ni vipengo: makali yalikuwa yamemeguka hapa na pale. Baadaye wakatengeneza kifaa kidogo cha kukata nywele ndani ya hadubini yenyewe ili waone tukio likitokea.

Walichogundua ni kwamba chuma cha wembe hakifanani kila mahali. Kuna sehemu ngumu zaidi na sehemu laini zaidi zimekaa jirani. Unywele ukipinda wakati unakatwa, unayasukuma makali kwa pembeni. Ikitokea umegusa pale sehemu hizo mbili zinapokutana, au penye ufa mdogo wa kiwandani, kipande kinamegeka. Unywele mmoja hauwezi kila kona ya wembe, lakini ndevu ni maelfu, na kila moja inajaribu bahati yake.

Hapa kuna fundisho la bure kwa mnyoaji. Udevu mkavu ni mgumu, unausumbua wembe na ngozi. Ukilowa, keratini yake inanyonya maji, inavimba na kulainika, na nguvu ya kuukata inapungua sana. Dakika mbili tatu za maji ya uvuguvugu zinatosha. Kwa hiyo nyoa baada ya kuoga, si kabla.

Maji ya ziwa ni neema

Wakazi wa Mwanza tuna bahati ambayo hatuitambui. Maji ya bomba yanayosambazwa na MWAUWASA yanatoka Ziwa Victoria, na ziwa hili hupata sehemu kubwa ya maji yake moja kwa moja kutoka kwenye mvua, si kutoka kwenye mito iliyopita juu ya miamba ya chokaa. Matokeo yake ni maji laini, yenye kalsiamu na magnesiamu kidogo. Madini hayo mawili ndiyo adui wa sabuni: yakikutana nayo yanaifanya igande kuwa utando mweupe badala ya kutoa povu. Aliyewahi kuoga kwa maji ya kisima ya Dodoma anajua tunachosema, unasugua sabuni mpaka mkono unachoka.

Kwa maji yetu, kipande cha sabuni ya kuogea na brashi ndogo, au viganja vyako tu, vinatoa povu zito la kutosha. Kazi ya povu ni kushika maji juu ya ndevu na kuuwezesha wembe uteleze. Povu la kwenye kopo la kupuliza linafanya kazi hiyohiyo kwa bei kubwa, na mwisho linakuachia kopo tupu. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo gharama ya kwanza ya kufuta, kabla hata hujafikiria wembe.

Kwa nini wembe mmoja na siyo mitano

Matangazo yanasema nyembe nyingi zinanyoa karibu zaidi. Ni kweli, na kwa wengi wetu hapo ndipo tatizo linapoanzia. Wembe wa kwanza unaukamata udevu na kuuvuta kidogo nje ya kitundu chake. Wa pili unaukata kabla haujarudi. Ukirudi, ncha yake inakuwa imezama chini ya ngozi. Kwa mtu mwenye ndevu zilizonyooka hakuna shida kubwa, udevu utatoka ulipoingilia. Kwa ndevu zilizojikunja kama zetu, ncha ile iliyochongwa kama mkuki inapinda na kuchoma ukuta wa kitundu kutokea ndani, au inatoka nje kisha inageuka na kuingia tena kwenye ngozi. Mwili unaichukulia kama kitu kigeni, unavimba. Hivyo ndivyo vipele vya shingoni na kidevuni ambavyo watu wanadhani ni uchafu au "damu chafu". Wataalamu wa ngozi wanajua vizuri kwamba hali hii inawapata zaidi watu weusi.

Wembe mmoja unakata usawa wa ngozi, na hautakiwi kuzidi hapo. Shika mashine iiname kama nyuzi 30, fuata uelekeo ndevu zinakolala, mikono mifupi, na usikandamize; uzito wa chuma chenyewe unatosha. Usirudie sehemu moja mara tano ukitafuta uso wa mtoto.

Kama vipele vyako ni sugu, vinatoa usaha au vinaacha makovu, achana na wembe kabisa. Tumia mashine ya umeme inayoacha kama milimita moja ya udevu. Udevu ambao ncha yake iko nje hauwezi kuzama. Mashine moja inadumu miaka, na umeme wake hauumizi: ikila wati 10 kwa dakika sita, umetumia uniti moja ya LUKU baada ya kunyoa mara elfu moja.

Hesabu

Bei hubadilika kutoka duka hadi duka, kwa hiyo chukua namba hizi kama mfano wa kukokotoa, kisha weka bei za mtaani kwako. Tuseme unanyoa mara 100 kwa mwaka, yaani kama mara mbili kwa wiki.

Wa plastiki wa shilingi 700 ukinyoa mara nne: unahitaji 25, sawa na shilingi 17,500. Kichwa cha kubadilisha cha shilingi 6,000 kinachofika mara 12: unahitaji tisa, shilingi 54,000, na mpini hatujauhesabu. Wembe wa kawaida wa shilingi 200 kwa mara tano: nyembe 20, shilingi 4,000.

Mashine ya chuma ndiyo inayoumiza mwanzoni. Ikiwa ni shilingi 30,000, utairudisha dhidi ya plastiki baada ya miaka miwili na miezi kadhaa. Ukiipata ya mtumba kwa 10,000, ni miezi tisa hivi. Baada ya hapo unanyoa kwa 4,000 kwa mwaka mpaka unazeeka. Ukinunua, zungusha skurubu mara kadhaa uone kama inakaza bila kukwama. Nyingi za bei rahisi ni zinki iliyopakwa kromiamu. Rangi ikichubuka maji yanaingia, zinki inalika, na kinachovunjika kwanza ni skurubu.

Kwa nini kibati ni rahisi hivyo? Kwa sababu umbo lake halina mwenyewe. King Camp Gillette alianza kuuza mashine zake mwaka 1903, akauza 51 tu na nyembe 168. Mwaka uliofuata akauza mashine zaidi ya 90,000 na nyembe zaidi ya 123,000, na Novemba 1904 akapata hataza. Hataza za zamani Marekani zilidumu miaka 17, kwa hiyo mwaka 1921 yake ikaisha na kila kiwanda kikaingia sokoni. Leo wembe wa kampuni moja unaingia kwenye mashine ya kampuni nyingine. Vichwa vya kubadilisha ni kinyume chake: kila kampuni ina tundu lake, ukishanunua mpini umefungwa ndoa.

Takataka zinaishia wapi

Kibati cha wembe kina urefu wa milimita 43, upana 22 na unene 0.1. Zidisha kwa uzito wa chuma, toa tundu la katikati, unapata kama gramu 0.6. Nyembe 20 za mwaka mzima ni gramu 12, na ukizipanga zinafika unene wa milimita mbili. Mbili tu! Upande wa pili, mipini 25 ya plastiki inajaza mfuko. Na ina kasoro nyingine: plastiki, chuma na ule utepe wa kuteleza vimeunganishwa kiasi kwamba hakuna anayehangaika kuvitenganisha. Waokota chupa wanaupita.

Mji wetu umejengwa kwenye vilima vya mawe. Mvua ikinyesha, kisichozolewa kinateremka kwenye mifereji, kinaingia Mto Mirongo, kisha ziwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulichunguza sangara 20 na sato 20 walionunuliwa Mwanza, na ukathibitisha vipande vidogo vya plastiki kwenye matumbo ya samaki mmoja kati ya watano kwa kila aina. Hatusemi vilitoka kwenye nyembe; mifuko, vifungashio na nyuzi za vitambaa vina mchango mkubwa zaidi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Juni 1, 2019. Mpini wa wembe haumo kwenye marufuku hiyo, kwa hiyo hapa uamuzi ni wako dukani.

Wembe haukopeshwi

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kanda ya ziwa ilijifunza mapema, kwa maumivu, kutochangia vyenye ncha kali. Jamii nyingi hapa hunyoa nywele baada ya msiba. Waluo wa Rorya huita liedo. Mila inaendelea, ila kila mtu awe na wembe wake.

Siku hizi tunaogopa VVU na kusahau homa ya ini B. VVU hudhoofika haraka damu ikikauka, lakini kirusi cha homa ya ini B kinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi yake mwaka 2002, maana yake wewe uliyezaliwa kabla ya hapo huenda hujachanjwa. Kwa hiyo kwa kinyozi, kabla hajakuchonga, mwambie afungue wembe mpya mbele yako. Kupangusa wa zamani kwa spiriti sekunde mbili si usalama. Na mwenzako wa bwenini akiomba mashine yako, mpe kibati kipya. Kichwa cha mashine kioshwe kwa sabuni kabla na baada.

Ukishaisha makali

Usiutupe kwenye ndoo ya taka wala chooni. Atakayeumia ni mama anayezoa taka au kijana anayetapisha choo. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, lakini hawakumaanisha aukute jalalani.

Chukua kopo la maziwa ya unga, toboa mfuniko tundu jembamba la kupitisha kibati, uzibe mfuniko kwa gundi au waya. Hata zikikaa shaghalabaghala, kopo moja linaweza kutosha bweni zima kwa miaka. Chuma cha wembe hunaswa na sumaku, kwa hiyo kopo likijaa liponde lizibe kabisa, umpe mnunuzi wa vyuma chakavu na umwambie ndani kuna nini. Juu yake andika NYEMBE kwa herufi kubwa, maana mtu akilitikisa atadhani ni sarafu.